Hatutaki Boksi, Tunataka Solusheni

Wakaazi wenzangu wa Dzaleka, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili ofisini wakati wa chai: leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na boksi. Boksi la vifaa vya kuziba pancha. Najua wengine mtacheka, mtasema huyu amekosa la kuandika. Chekeni, lakini msomeni hadi mwisho.

Boksi la kwanza nililinunua mwenyewe, kwa hiyo nianze kwa kujisema mwenyewe. Nilikuwa ndiyo nimeanza kazi ya kabaza, kubeba watu na mizigo kwa baiskeli. Nilichoka kukaa chini ya mti kusubiri foleni ya fundi huku abiria wangu wanapandia kwa wengine. Siku moja nikapata kibali cha kwenda Lilongwe, zaidi ya kilomita 40 kutoka hapa. Dukani nikaona boksi la plastiki jeusi, limepangwa vizuri sana: chuma chenye mpini kama herufi T, kingine chenye tundu kama sindano, na nyuzi nene za kahawia zinazonata kama lami. Juu kuna picha ya tairi lililochomwa na msumari. Nikasema, ndiyo hii. Nikalipa pesa ambayo ingetosha kumlipa fundi pancha kumi na mbili.

Nikampelekea fundi, kusema kweli nilienda kuringa. Ni mzee wa Kirundi, mtu wa maneno machache. Akafungua, akaangalia kimoja kimoja, akalifunga tena. Akaniuliza kwa upole, "Kijana wangu, na gari lako umeliacha wapi?"

Wale waliokuwa kwenye foleni walicheka mpaka leo. Kumbe vifaa vile ni vya tairi lisilokuwa na tyubu, la gari na la pikipiki nyingi za siku hizi. Tairi lile linashika hewa lenyewe, kwa hiyo unasukuma uzi kwenye tundu, unaziba, unaondoka. Baiskeli zetu hewa yake haimo kwenye tairi, imo kwenye tyubu ndani. Ukijaza nyuzi kwenye tairi lote, tyubu itabaki na tundu lake vilevile.

Hilo lilikuwa kosa langu na nimelilipa. Boksi la pili ndilo linalonifanya niandike.

Shirika moja, sitalitaja, liligawa baiskeli kwa akina mama wanaolea watoto peke yao. Wazo zuri. Baiskeli zilikuwa nzima, za tairi la inchi 28, zenye keria ngumu. Jirani yangu mmoja, mama mjane kutoka upande wa Uvira, alipata moja. Hakuiendesha yeye, alimkodishia kijana, na kijana alimletea hesabu kila jioni. Kwa hesabu ile alinunua mafuta, sabuni, na daftari za watoto. Msaada wa chakula umekatwa mara ngapi hamhitaji nikumbushe, kwa hiyo hesabu ile haikuwa pesa ya pipi.

Pamoja na baiskeli, kila mama alipewa boksi dogo lenye nembo. Ndani: viraka sita vya kubandika kama stika, visivyohitaji gundi, vijiti viwili vya plastiki vya kubandulia tairi, na pampu fupi kama kalamu. Basi. Siku ya kugawa, picha zilipigwa.

Pancha ya kwanza ilikuja wiki ya pili. Mbigili, wala hakuna la kushangaza, njia zetu zimejaa. Kijana akasema, tusimlipe fundi, si tuna boksi? Kijiti cha kwanza kikavunjika kwenye rimu ya chuma. Wakabandika stika. Ikashika siku moja. Siku ya pili kijana amebeba mtu na gunia la mahindi saa saba mchana, mwezi wa kumi, jua lile mnalolijua. Tyubu ikapata joto, ikavutika, stika ikateleza taratibu. Akapampu, akaenda, akapampu tena. Pampu yenyewe mdomo wake haukuwa wa valvu ile, akawa anaomba pampu kwa watu. Wakabandika stika nyingine juu ya ile. Baada ya siku nne hesabu haikuja hata mara moja, na kwa kuendesha tairi likiwa chini, rimu ikaikata tyubu pembeni. Tyubu mpya ilihitajika. Mama hakuwa nayo pesa, akakopa, deni likakaa. Pancha mbili mbele akaiuza baiskeli nusu ya thamani yake.

Mtaniambia ni bahati mbaya. Mimi nasema ni hesabu mbaya, na aliyekosea hesabu si yule mama.

Maana baiskeli hapa si mchezo. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka pingamizi zake, na mbili tunazijua kwa miguu yetu: kazi ya mshahara na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 wenzetu waliokuwa na maduka mijini waliamriwa kurudi kambini. Kambi hii ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi au kumi na mbili. Leo tumepita elfu hamsini. Kazi ambayo mtu anaweza kuianza bila kumwomba mtu ruhusa ni za kuhesabu, na baiskeli ni mojawapo. Kinga, wanasema watu wa Kivu. Ikinga, Warundi. Igare, Wanyarwanda. Njinga, wenyeji wetu. Majina manne, na wote tunasukuma kwa mguu siku pancha ikija.

Tuelewane basi kuhusu neno "rahisi". Sitaandika bei kwa kwacha. Novemba 2023 kwacha ilishushwa kutoka kama 1,180 kwa dola hadi 1,700, na tangu hapo bei ninayoandika leo inaweza kuwa uongo kabla jarida halijachapwa. Nitapima kwa pancha. Uliza: vifaa hivi vitaziba pancha ngapi zitakazoshika mpaka tyubu inazeeka? Gawa bei kwa idadi hiyo. Boksi la mama yule, hata kama lilikuwa la bure kwake, halikuziba hata pancha moja. Kwa kipimo hicho ni boksi ghali kuliko yote niliyowahi kuyaona. Na langu jeusi la Lilongwe linalifuata.

Sasa, vifaa vya kweli ni nini? Ni solusheni. Wengine wetu tunaiita kole. Gundi ya mpira, ile ya kwenye kibomba kidogo cha bati laini. Vingine vyote vinaweza kupatikana kambini au kutengenezwa. Gundi huwezi kuitengeneza jikoni.

Ukienda kununua, anza na gundi, usianze na boksi. Minya kibomba: kiwe kimejaa na laini, kisiwe na upepo wala ugumu ndani. Fungua kifuniko uangalie mdomo: kibomba kipya mdomo wake umezibwa, na wewe ndiye unayeutoboa siku ya kwanza. Ukikuta umeshatobolewa, rudisha. Gundi ikishafunguliwa inaanza kukauka hata ukiifunga vizuri, ndiyo maana vibomba viwili vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa. Kimoja cha kutumia, kimoja kimelala na mdomo wake mzima. Watu wengi wanasema "gundi hii ni feki" kumbe ilifunguliwa mwaka jana.

Usinunue supagluu. Ile inakauka ikawa ngumu kama kioo. Tyubu inavutika, kioo hakivutiki, kinapasuka. Nimeona tyubu nzuri zimeharibiwa hivyo, huwezi hata kuziziba tena pale pale.

Viraka: chagua vya duara vidogo kwa wingi, maana mwiba hutoboa tundu dogo, na vikubwa viwili vitatu. Kiraka kizuri pembeni ni chembamba, ukikikunja hakipasuki, na chini kina karatasi ya fedha iliyoshika vizuri. Chini ya karatasi ile kuna mpira laini ambao unaungana na gundi. Usiuguse kwa vidole. Viraka vikiisha, kata tyubu kuukuu, fundi wetu wanafanya hivyo kila siku. Ila hapo lazima ukwaruze pande zote mbili na kupaka gundi pande zote mbili, kwenye kiraka na kwenye tyubu.

Msasa: kipande kama kiganja kinatosha muda mrefu. Maboksi mengi yana kibati chenye meno badala ya msasa, na kibati kile kinachana tyubu nyembamba. Kitupe.

Vya kubandulia tairi: mipini miwili ya vijiko vya chuma, iliyosuguliwa mpaka isiwe na ncha kali. Plastiki nyembamba haiwezi rimu zetu. Na usitumie bisibisi jamani. Bisibisi inaibana tyubu kwenye rimu, unaziba tundu moja unatoboa mawili.

Kipira cha valvu: baiskeli zetu nyingi zina valvu ya zamani, yenye kipira chembamba kama mrija kinachovikwa kwenye chuma. Kipira kile kinachoka. Mara nyingi mtu anavua tairi lote kutafuta pancha ambayo haipo. Kabla ya kuvua chochote, paka mate juu ya valvu uangalie: mapovu yakitoka, tatizo ni kipira, na kipira ni senti. Weka viwili vitatu. Na kama unanunua pampu, nenda na baiskeli yako dukani, jaribu mdomo wa pampu kwenye valvu yako mwenyewe.

Ongeza kipande cha chaki au unga wa poda. Vyote vinaenea kwenye kopo la maziwa. Nimepiga hesabu mara nyingi: gundi mbili, viraka, msasa na vipira havifikii bei ya pancha nne kwa fundi, na vinaziba kumi na zaidi.

Kuna kitu kimoja hakiuzwi, nacho ndicho kinachoharibu kazi kuliko vyote: haraka. Kwaruza mahali papana kuliko kiraka, na ule mstari uliovimba katikati ya tyubu usugue mpaka ulale, la sivyo hewa itapita kando yake. Futa vumbi. Paka gundi nyembamba, halafu subiri. Hapo ndipo watu wanaposhindwa. Gundi hii haishiki ikiwa majimaji kama gundi ya karatasi. Subiri dakika kama tano, mpaka ing'ao yake iondoke na ukigusa pembeni haikamati kidole. Ndipo uweke kiraka na kukikandamiza kwa nguvu, kuanzia katikati kwenda pembeni. Paka chaki juu, tyubu isinate kwenye tairi. Na kabla ya kurudisha, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba bado umo. Ukiuacha, kesho utasema kiraka kilikuwa kibaya. Pia jua mpaka: tyubu iliyochanika kwenye shina la valvu hata uipake gundi ya dunia nzima haizibiki. Nunua nyingine.

Nimesikia majibu matatu kila ninapoyasema haya, na nitayajibu yote.

La kwanza linatoka kwetu wenyewe: "Kila mtu akiziba mwenyewe, fundi atakula nini?" Ni swali la utu, silidharau. Nilimpelekea yule mzee wa Kirundi swali lenyewe, yule aliyeniuliza gari langu. Akaniambia pancha inamchukua muda mwingi na inamlipa kidogo. Kazi inayomlisha ni rimu iliyopinda, spoki zilizokatika, gololi za ekseli, cheni. Tena, watu wakiendesha tairi likiwa chini kwa sababu hawana cha kuziba, wanamletea baiskeli iliyokufa na mfuko usio na kitu. Akasema, "Baiskeli inayotembea ndiyo inayorudi kwangu." Na fundi halali chini ya mti. Pancha ya saa mbili usiku wakati mtoto anaumwa haisubiri foleni ya asubuhi.

La pili linatoka ofisini: "Tukiwapa vifaa mnaviuza." Ndiyo, yale maboksi yenye nembo yaliuzwa, niliyaona sokoni yamepangwa juu ya gunia. Mtu anauza kisichomfaa. Sijaona mtu mwenye kabaza akiuza gundi yake, kama vile sijaona mama akiuza mwiko wake. Na hata akiiuza, imeuzwa kwa nani? Kwa mwenye pancha, humu humu.

La tatu ndilo zito: gundi hii ina mvuke, na kuna watoto wanaouvuta. Hatuwezi kujifanya hatujui. Pia inashika moto haraka, usiifungue karibu na mbaula. Kwa sababu hiyo mimi sisemi magunia ya gundi yamwagwe kambini. Nasema kopo moja kwa nyumba kumi, kwa mtu mzima mmoja anayejulikana na anayeaminiwa, vibomba vidogo vidogo, kimoja kikiisha ndiyo kinatolewa kingine. Tunagawana mabomba ya maji, tunagawana mashine za kusaga, kopo la maziwa litatushinda?

Kwa hiyo nyinyi mnaopanga miradi, haya ndiyo maombi yangu, na si makubwa.

Kwanza, mkigawa baiskeli, msinunue boksi kwa picha ya kwenye katalogi. Njooni na fundi wa kambini sokoni, mumpe pesa ileile, mwone atanunua nini.

Pili, wekeni gundi ya mwaka mzima kwenye bajeti, si ya siku ya kugawa tu. Baiskeli mnaihesabu kwenye ripoti siku inapotolewa. Hebu ihesabuni pia baada ya miezi sita, iko wapi, ya nani.

Tatu, mlipeni fundi nusu siku afundishe. Mlipeni hasa, soda na fulana si malipo. Na wanaofundishwa wawe akina mama na wasichana wenye baiskeli, kwa sababu katika ule mgao walipewa baiskeli wao, lakini walioelekezwa jinsi ya kupampu ni vijana wa kiume waliokuwa wamesimama karibu. Yule jirani yangu hakujua kwamba stika ya pili haiwekwi juu ya ya kwanza. Nani alimwambia?

Nimekaa kwenye mikutano mingi hapa, na neno ninalolisikia kuliko yote ni "suluhisho la kudumu". Kurudi nyumbani kwa hiari, kupokelewa katika jamii ya hapa, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Neno zuri, sina ugomvi nalo, na mimi jina langu liko kwenye orodha kama wengine. Lakini wakati tunalisubiri suluhisho tunaendesha baiskeli, na baiskeli inataka solusheni, ambayo ina ukubwa wa kidole na inauzwa hapo sokoni. Mkishindwa na hii, ile kubwa tutaiaminije?

Na sisi wakaazi, tusingoje ofisi. Wiki hii, nyumba kumi za mtaa wako, kila nyumba itoe kidogo, mnunue gundi mbili, viraka na msasa. Mchague mwenye kopo. Mwiteni fundi Jumapili mchana, mumlipe, awaonyeshe mara moja. Mtoto wa kike akae mbele aone.

Baiskeli ya jirani yangu bado naiona karibu kila siku. Aliyeinunua ni mwenzetu wa kabaza, analeta wateja mpaka barabara ya lami, na anakula. Juzi alipata pancha mbele ya nyumba yangu, tukaivua tyubu pamoja. Nikahesabu viraka saba, vyote vya solusheni, vyote vimeshika. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni kwake anatutazama. Hakusema kitu.